Mume Wangu, Nguo Zako Ziko Tayari

Jumatatu, 8 Septemba

Siku mbovu. Nimempa Hakimu joho la kwaya. Kiongozi wa kwaya nimempa joho la Hakimu. Yote mawili yalikuwa kwenye mifuko ya karatasi ya aina moja, kwa hiyo kosa ni la karatasi. Hakimu kalifungua mahakamani, mbele ya mawakili, likatoka la buluu lenye utepe wa dhahabu mabegani. Kesi ilikuwa inangoja, akalivaa. Nasikia mwizi wa baiskeli aliyekuwa kizimbani alidhani ataimbiwa.

Wifi alikuwa na habari hizo kabla sijamaliza kukaa. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu. Tunaendesha naye duka hili la udobi, yeye nyuma kwenye pasi, mimi mbele kwenye kiti cha kupokelea wateja. Akaja kunipa pole. Pole ya Wifi ina meno. Akasema umri ni umri. Nikamwambia na wake pia ni umri, tena una magoti mabovu.

Jioni akapiga simu mwanangu wa kwanza. Tunamwita Mkubwa, na tangu tumwite hivyo hajashuka. Alizunguka weee, mara hali ya hewa, mara afya yangu, mwisho akatua. Jumapili anakuja kuamua. Ama nabaki kiti cha mbele, ama Wifi anakaa mbele na mimi naenda nyumbani kupumzika.

Kupumzika. Mtu akikuambia ukapumzike, ujue kichwani mwake ameshakuchimbia.

Kiti hicho nimekikalia tangu Mkubwa ana meno ya utoto. Nikiondoka hapo nitakuwa nani? Bibi wa kufungua mlango watu wakibisha. Ni kweli, majina yananitoroka siku hizi. Lakini nguo hainitoroki. Nikiona kola najua shingo yake.

Nimefunga duka na kukuta Wifi ameshaweka mto wake juu ya kiti changu. Eti kwa muda. Nimeutupa kwenye nguo chafu, pia kwa muda.


Jumanne, 9 Septemba

Amekuja Mke Mwenza. Ni mjukuu wangu, binti wa Mkubwa. Babu yake alipokuwa hai alimwita mchumba wake, nami nikatangaza vita, jina likabaki. Kaka yake, dereva wa lori, ndiye Mume Wangu. Ovaroli zake zimejaa dukani na hazifuati. Mume gani huyo.

Mke Mwenza anafanya kazi kwenye ofisi ya bima. Huwatengenezea wafanyakazi wenzake programu za kompyuta. Mimi siku zote nilidhani kazi hiyo ni ya watu waliofungiwa chumba cha baridi, wanaandika mistari inayotambaa kama mchwa. Akasema, Bibi, mambo hayo yapo, lakini siku hizi kuna zana ambazo mchwa wameshaandikwa na wengine. Wewe unaburuta visanduku tu, unaviunganisha kwa mishale, unaeleza unataka nini. Akasema anayejua kutoa amri anaweza kujenga.

Nimemtazama. Shule niliacha mapema, lakini amri nimetoa maisha yangu yote.

Akaweka kompyuta juu ya meza ya kupokelea. Akaniuliza nguo ikiingia dukani inapita wapi. Swali la kitoto. Nikamwambia inapokewa, inafuliwa, inapigwa pasi, inakuwa tayari. Akanionyesha kisanduku, akaniambia niburute. Nikaburuta. Kikaja. Kikakaa nilipokiweka, hakikuuliza kwa nini. Nikaburuta cha pili. Nikachora mshale kutoka hapa kwenda pale.

Akauliza doa likigoma je? Nikasema nguo inarudi majini. Basi akaniambia nichore mshale wa kurudi. Nikauchora, kwa mkono huu huu uliosugua kola za watu mpaka vidole vikakunjamana, na kompyuta ikaelewa kwamba doa likigoma nguo inarudi majini. Mfuaji wangu wa zamani nilimweleza hivyo mpaka akaacha kazi.

Halafu akasema nibonyeze. Nikabonyeza. Simu ikatetemeka ndani ya aproni yangu. Imeandikwa: Nguo zako ziko tayari.

Hakuna aliyeandika ujumbe ule. Niliuagiza na ukajituma wenyewe, ukatoka mezani ukaingia aproni. Nikaitoa simu, nikaigeuza mbele na nyuma. Mke Mwenza akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Nimezaa watoto kwa uchungu na hakuna hata mmoja anayefanya ninavyomwambia. Hii sikuizaa. Nimeichora tu, na imetii.

Jumapili Mkubwa aje.


Jumatano, 10 Septemba

Sikutia kitu tumboni mpaka mchana. Tumeongeza picha.

Ni hivi. Mteja akileta nguo, naipiga picha kwa simu, naandika jina lake na namba yake ya simu mara moja tu. Kuanzia hapo jina nimelikabidhi. Nikitaka kujua nguo ni ya nani, nafungua picha na jina liko chini yake, limekaa linaningoja. Mke Mwenza alisema hicho ni kisanduku kimoja tu cha nyongeza, kama mtu anavyoongeza chumba nyuma ya nyumba. Yeye anaona chumba. Mimi nimeona ikulu.

Majoho yote mawili yalikuwa yamerudishwa, yamefuliwa upya na kupigwa picha. Nikaandika "joho". Yakaja mawili, la buluu na jeusi, kila moja na mwenyewe. Nikaandika tena. Yakaja tena. Nimewaita majirani, mwenye duka la vipuri na yule dada wa kushona mazulia, nikawaandikia joho mara kadhaa. Mwenye vipuri akavua kofia. Nikamwambia aivae, bado.

Sasa suala la Wifi. Mke Mwenza alinieleza kwamba kila anayetumia programu anapewa cheo, na cheo ndicho kinachosema anaruhusiwa kugusa nini. Jambo la busara sana. Akanionyesha mahali pa kuandika. Akatoka kupokea simu.

Nikajiandikia: Mwenyewe.

Wifi nikamwandikia: Mpita Njia.

Mchana Wifi akaja kimyakimya, akidhani nimesinzia. Akagusa kompyuta. Ikamwambia: Huna ruhusa. Akagusa tena. Huna ruhusa. Maneno hayo nimeyatafuta tangu siku ya harusi yangu na sikupata pa kuyaweka. Mashine imeyasema kwa adabu, bila kupandisha sauti, kwa herufi nyekundu.

Wifi akaenda kumwambia Mke Mwenza kwamba kompyuta ina tabia yangu. Mke Mwenza akanifokea, eti zana hizi ni za kurahisisha kazi, si za kumalizia ugomvi. Akampa Wifi cheo cha Mpiga Pasi. Nimekubali. Lakini nimeyaona yale maandishi mekundu na hayatafutika moyoni.


Alhamisi, 11 Septemba

Mke Mwenza amerudi ofisini kwake. Ameniachia kompyuta na onyo. Akasema kuna kitufe kinaitwa Chapisha. Ukikibonyeza, kila ulichokichora kinaanza kufanya kazi kwa wateja wa kweli. Akasema nijaribu chochote ninachotaka, ila kile nisikiguse mpaka arudi Jumamosi.

Jumamosi ni usiku wa kuamkia Jumapili. Huyu mtoto hajui vita.

Bomba la kutundikia nguo limejaa mpaka limepinda katikati. Watu wanaleta nguo na kuzisahau kama watoto wa kambo. Mkubwa akiingia akaona ule msongamano, kwisha mimi. Lazima nguo ziondoke, kwa hiyo lazima wenyewe waitwe, tena waitwe vizuri.

Ule ujumbe wa kwanza haukuwa na heshima. "Nguo zako ziko tayari" ni maneno ya kumwambia mbuzi. Nikaamua kila mteja aitwe anavyostahili. Nikaongeza kisanduku peke yangu, nikakipa jina: Namna ya Kumwita. Ndani yake orodha ya kuchagua. Wa kwanza niliyemkumbuka ni yule dereva wangu na ovaroli zake, kwa hiyo juu kabisa nikaandika Mume Wangu. Chini yake Mzee Wangu, Mwanangu, Dada, Mwalimu.

Kisha nikachora mishale miwili. Nguo ikiwa tayari, mwite. Ukimwita asije, mkaripie. Maneno ya kukaripia nikayaandika nikimfikiria dereva, maana ndiye ananiudhi kuliko wote: "Leo tena hukuja. Unalala wapi siku hizi? Nimechoka kukungoja. Njoo uchukue vitu vyako kabla sijavitupa nje."

Nimeyasoma kwa sauti. Mazuri sana. Yana uzito.

Nikaanza kuwachagulia wateja mmoja mmoja. Wateja wengi, macho yakachoka. Mashine ikaniuliza, kama hakuna kilichochaguliwa nitumie kipi? Ina adabu hata ya kuuliza. Nikasema tumia cha kwanza. Kwenye foleni yoyote ya watu wastaarabu, wa kwanza ndiye anayehudumiwa.

Nikabonyeza Chapisha.

Kioo kikazunguka kidogo. Kikaandika: Imefanikiwa. Nikaweka mkono kifuani. Nilikuwa peke yangu dukani, mwanamke wa udobi, na mji mzima umeitwa kwa kidole changu.


Ijumaa, 12 Septemba

Maajabu.

Nimefungua duka nikakuta mtu mlangoni. Fundi saa, mzee mjane wa mtaa wa nyuma. Amenyoa ndevu. Amejipulizia marashi mpaka mwenye vipuri akapiga chafya upande wa pili wa barabara. Nikampa shati lake. Akalipokea kwa mikono miwili. Akasema hakujua kwamba nami nilikuwa na mawazo hayo, na kwamba yeye si mtu wa haraka. Nikamwambia hapa hatuna haraka, tuna ubora. Akacheka kwa aibu na kuondoka, shati akaliacha. Nikamwita alirudie. Akasema atalirudia kesho, na keshokutwa.

Kwa hiyo programu inawapa watu hata hamu ya kurudi. Hilo sikulichora. Limejitokeza lenyewe.

Akaja mwalimu wa hesabu, anatazama sakafu. Kachukua suruali, kakimbia. Akaja fundi bomba, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ana familia. Nikampongeza. Akasema nifikirie heshima yake. Nikamwambia heshima yake iko kwenye mfuko, imepigwa pasi. Kaondoka akiwa mweupe kama sabuni.

Wote hawa walikuwa hawaji hata ukiwatumia mtu. Sasa wanakuja na adabu, wanatetemeka. Wifi akatoka nyuma na kuuliza nimewafanya nini. Nikamwambia huo ndio uwezo wa teknolojia. Akatazama bomba limepungua, akarudi kwenye pasi.

Jioni nilikaa kwenye kiti changu nikiitazama kompyuta imefungwa, imenyamaza. Ndani yake mambo yangu yote yanajua njia. Nimeipangusa kwa kitambaa cha hariri.


Jumamosi, 13 Septemba

Wamekuja wake.

Si mmoja. Wamejaa mlangoni mpaka mwanga ukakatika. Mbele yao mke wa Hakimu, mwanamke mrefu, na simu ya mumewe mkononi kaishika kama aliyeokota panya. Akauliza ni nani hapa anayemwita mume wake mume wake.

Nikamwambia aulize kwa mpangilio.

Akasoma. Akasoma kwa sauti, mbele ya Wifi, mbele ya mwenye vipuri aliyekuja na kiti chake kabisa. "Mume wangu, nguo zako ziko tayari." Halafu ule wa pili. "Mume wangu, leo tena hukuja. Unalala wapi siku hizi? Nimechoka kukungoja." Sauti yake nzuri. Kusema kweli maneno yangu hayakuwahi kusomwa vizuri namna ile.

Wake wengine nao wakainua simu. Mume wangu. Mume wangu. Mume wangu. Nikahesabiwa waume mpaka nikaona haya kwa niaba ya marehemu.

Mke Mwenza akaingia katikati ya zogo, na mkoba bado begani. Akafungua kompyuta, akatazama, akafunika uso. Akawaeleza. Bibi humwita mjukuu wake mume, kama bibi zenu walivyowaita kaka zenu. Kamweka wa kwanza kwenye orodha. Kila mteja ambaye hakuchaguliwa jina, mashine imempa la kwanza. Hakuna mume aliyeibwa.

Mke wa fundi bomba akaanza kucheka, akashika ukuta. Wakafuatana wote. Mimi sikucheka. Nilisimama na kuwauliza, na nyinyi mlikuwa wapi? Makoti ya waume zenu yamelala kwangu miezi, ndiyo maana mashine imechanganyikiwa ikadhani ni wangu. Nikawaambia kila mmoja achukue chake. Wakachukua. Wakashika mifuko wakiwa bado wanafuta machozi, na bomba likanyooka.

Mke wa Hakimu peke yake hakucheka. Alikaa kwenye kibenchi cha wateja. Akauliza kama kweli mimi ndiye niliyeandika, na kama hakuna mwanamke mwingine. Nikamwambia ni mimi, na nikamwonyesha meno yaliyobaki ili aamini.

Akasema jana alipomwonyesha mumewe ule ujumbe, Hakimu alipiga magoti. Alisema, mama watoto, nisamehe, yule nilishaachana naye tangu mwaka jana.

Wifi akaacha pasi ikaunguza shuka.

Nikampa mama wa watu maji. Joho nikamtolea lenyewe, jeusi, kwa picha na jina. Akalitazama, akasema aje alifuate mwenyewe.


Jumapili, 14 Septemba

Mkubwa alifika na suti yake ya vikao. Wifi alikuwa amejipaka mafuta na ana hotuba. Akaanza na joho, akaja kwa wake, akamalizia na shuka lililoungua, ambalo aliliunguza yeye.

Mkubwa akanitazama. Akatoa simu yake mfukoni na kuiweka mezani. Hata yeye ana koti hapa, na hata yeye sikumchagulia jina. Akaniuliza kwa upole, mama, nami ni mume wako? Mkewe, mkwe wangu, alikuwa nyuma yake anauma kanga asiangue kicheko. Nikamwambia Mkubwa kwamba ningekuwa na mume kama yeye, ningempiga simu mara kwa mara, kwa kuwa yeye hapigi.

Akaenda kwenye bomba. Zilibaki nguo chache. Akashika gauni la kijani akauliza la nani. Nilijua shingo, nilijua mabega, nilimjua hadi mama yake. Jina halikuja. Nilihisi wote wanasikia jinsi lisivyokuja. Wifi akafungua mdomo.

Nikafungua picha. Jina lilikuwa chini ya gauni, palepale nilipoliweka. Nikalisoma. Akashika shati, nikalisoma. Koti lake mwenyewe, nikalisoma, nikamwambia na kifungo kimoja kimelegea. Mkubwa akauliza nani amejenga kitu hiki. Mke Mwenza, Mungu ampe maisha, akasema visanduku ni vya Bibi na mishale ni ya Bibi.

Mkubwa akavuta kile kiti, akakigeuza, akanikalisha kwa mikono yake miwili. Hakusema neno juu ya kupumzika. Nilitazama pembeni, vumbi la dukani lina sabuni, linawasha macho.

Kisha akaharibu. Akasema mama abaki mbele, lakini hakuna ujumbe utakaotoka bila kibali cha shangazi yake. Mke Mwenza akachora kisanduku hapo hapo, kati ya ujumbe wangu na dunia. Sasa nikiandika, kwanza unakwenda kwenye simu ya Wifi, na Wifi anausoma na kuukubali au kuukataa.

Amekataa wa kwanza. Eti una matusi. Ulikuwa na salamu tu.

Kisanduku kimoja kidogo hivyo, na mtu mzima nimezibwa mdomo. Namchukia aliyekichora, lakini nimekitazama sana. Nguvu yake ya ajabu.


Jumatano, 17 Septemba

Mke wa Hakimu amepita kwa mlango wa nyuma, na miwani ya jua. Hakuleta nguo. Akanisifu kwanza, na sifa naijua ikiwa na mzigo nyuma yake. Akasema amefikiria sana. Akasema ujumbe wangu mmoja, tena wa makosa, umemtoa mumewe ukweli ambao yeye aliutafuta mwaka mzima kwa kulia. Sasa anauliza, je, mashine haiwezi kufanya hivyo makusudi?

Nikamwambia mwanangu, mashine ni kueleza tu unataka nini.

Programu ya duka ina Wifi mlangoni. Lakini hii si ya duka. Hii ni mpya, ina ukurasa wake mtupu, mweupe, na hakuna shangazi wa mtu aliyetajwa humo. Mke Mwenza yuko ofisini na sitaki kumsumbua. Ana kazi nyingi, na mimi ni mzoefu sasa.

Nimeburuta kisanduku cha kwanza: Amesema Yuko Wapi. Cha pili: Yuko Wapi. Nimeweka mshale katikati na masharti. Vikifanana, mwandikie Asante. Visipofanana, watumie wote: mkewe, mama yake, mama mkwe wake, na kiongozi wa kwaya. Mke wa Hakimu alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, na nikamsikia anavuta pumzi kama mtu aliyeona bahari mara ya kwanza. Namwelewa. Nami bado inanipata kila nikichora mshale.

Mashine ikauliza kuhusu vyeo. Yeye nimemwandikia Mlalamikaji. Mimi, kama kawaida, Mwenyewe.

Hakimu nimemwandikia Mshtakiwa, na nimechapisha.